UZI: Baharia wa Coleridge alimuua ndege bila sababu. Hatia yake ilitoka wapi?

Mwanakijito

Wakuu heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa vitabu vya zamani nilitupia komenti moja tu, kwamba lile shairi la Samuel Taylor Coleridge la Baharia Mzee wengi tunalisoma kichwa chini miguu juu, nikashukiwa kama kifaranga na mwewe. Nikaahidi nitafungua uzi na ahadi ni deni. Ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai asogeze kiti.

Kwanza tuwekane sawa. Hawa washairi wa Uingereza wa mwisho wa miaka ya 1700 na mwanzo wa 1800, kina Wordsworth, Coleridge, Blake, halafu wakaja Byron, Shelley na Keats, kwenye vitabu vyetu vya nadharia wanaitwa washairi wa ulimbwende (Romantics kwa Kiingereza). Ulimbwende huu sio wa kupita jukwaani na namba kiunoni. Na baharia ninayemzungumzia sio baharia wa vijiweni, ni baharia wa meli kabisa, meli ya matanga.

Stori kwa ambao hawajasoma. Mzee mwenye ndevu nyeupe na macho yanayowaka kasimama nje ya nyumba yenye harusi. Wanapita waalikwa watatu, anamdaka mmoja. Na huyo mmoja sio mdandiaji, ni ndugu wa karibu kabisa wa bwana harusi, ndani chakula kimeshapangwa, ngoma inasikika, yeye kazuiwa nje na mzee asiyemjua anayeanza "palikua na meli". Meli ilisukumwa na dhoruba mpaka kusini kwenye barafu, ikakwama, akatokea albatrosi kwenye ukungu, mabaharia wakampokea kama vile ni binadamu mwenzao, wakamlisha, barafu ikapasuka, wakapita, upepo mzuri ukaanza kuvuma na ndege akawa anawafuata kila siku kula na kucheza. Halafu baharia akampiga mshale akafa.

Kwanini? Hapo ndo nataka tutulie. Hakuna kwanini. Hakua na njaa, hakukasirishwa, hakutumwa. Anakiri kwa maneno machache sana, anataja upinde wake (ule wenye kitako kama bunduki) na ndege, basi, sehemu ya kwanza ya shairi inaishia hapo hapo. Coleridge aliyejulikana kwa kuongea bila kituo, hapa kafunga mdomo.

Mimi nikiwa na miaka kama tisa nilimpiga tetere kwa manati. Alikua ametua kwenye waya wa kuanikia nguo, hatua tano hivi, na kwetu hata hatuli tetere. Nilipomuokota alikua bado wa moto, kichwa kinalala upande wowote ninaogeuzia mkono. Bibi aliniuliza kitu kimoja tu, "alikukosea nini?" Sikua na jibu, na nilipokuja kulisoma hili shairi chuoni nikakuta na baharia hana jibu, ndo maana naona shairi limeanzia mahali sahihi kabisa.

Sasa mwisho wa shairi mzee anamwambia yule mwalikwa maneno matamu, kwamba anayesali vizuri zaidi ni yule anayependa zaidi, vitu vyote vikubwa na vidogo, maana Mungu kaviumba na anavipenda vyote. Walimu wanapapenda sana hapo. Unaandika "funzo: tuwapende wanyama", unapewa maksi zako. Ugomvi wangu ndo uko hapo.

Ngoja nile nirudi.

Kiroboto wa Pili

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Ila sijaona tatizo bado, mtu kaua, kaadhibiwa, kajuta, kasamehewa, katoa funzo. Kama hadithi za bibi tu, sungura kapata alichostahili.

bintimzizima

Kiroboto umemsoma au umesoma mhitasari? Kasamehewa wapi sasa?

Mwanakijito

Nimerudi. Kiroboto naomba tupige hesabu kama watu wa duka.

Aliyeua ni mmoja. Waliokufa? Hamsini mara nne, watu mia mbili. Wote waliokua melini isipokua muuaji! Walikufa kwa kiu bahari imelala kama sakafu, maji kila upande na hakuna hata tone la kunywa, kila mmoja akimgeukia baharia na kumlaani kwa macho kwa sababu midomo ilishakauka. Na hukumu ilitolewaje? Ikaja meli ya mifupa, ndani yake wawili, Mauti na yule mwanamke aitwaye Uhai-ndani-ya-Mauti, wanacheza DADO. Mwanamke akamshinda mwenzie akamchukua baharia, Mauti akabaki na wale mia mbili. Sungura wa bibi aliadhibiwa kwa ujanja wake, hakuna fisi aliyekaa pembeni anarusha dado kuamua nani afe.

Na bado. Wale wenzake mwanzoni walimlaumu, umemuua ndege aliyetuletea upepo. Ukungu ulipoondoka jua likatoka wakageuza maneno, umefanya vizuri, ndege mwenyewe ndo alikua analeta ukungu. Yaani kwao jambo ni baya kama hali ya hewa ni mbaya na ni zuri kama jua linawaka. Hakuna hata mmoja aliyesema ndege alikua hai akafa. Meli ilipokwama tena wakamvika albatrosi shingoni mahali pa msalaba. (Mnaojiuliza ndege mwenye mabawa ya mita tatu anavikwaje shingoni, kuna aina nyeusi ndogo zaidi. Na kisa chenyewe kina asili, kapteni Shelvocke kwenye kitabu chake cha 1726 alisimulia jinsi msaidizi wake Simon Hatley alivyompiga risasi albatrosi mweusi karibu na Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, mwaka 1719, kwa sababu alimuona ni mkosi. Wordsworth ndo alikua anakisoma kitabu hicho, akampa Coleridge wazo wakiwa matembezini Novemba 1797, vilima vya Quantock. Angalia Coleridge alichofanya. Hatley alikua na sababu, ya kishirikina lakini sababu. Coleridge kaiondoa.)

Sasa tende. Miaka mingi baadae, 1830, Coleridge akiwa mzee pale Highgate, London, alisimulia kwamba mwandishi Bi Barbauld aliwahi kumwambia shairi lako zuri ila lina kasoro mbili, haliwezekani kutokea na halina funzo. Coleridge akasema la kwanza nakubali, ila la pili hapana, kwa maoni yangu lina funzo KUPITA KIASI. Akasema lilitakiwa kuwa na funzo kiasi kile kile cha stori ya mfanyabiashara aliyekaa kando ya kisima anakula tende anatupa kokwa, ghafla jini likasimama likamwambia nakuua, kokwa yako imempata mwanangu jichoni.

Nani hapa hajakutana na hiyo? Alfu Lela Ulela, ya mwanzo mwanzo kabisa! Mtu anakula tende zake mchana kweupe, hana ubaya na mtu, kumbe ameshaua. Coleridge anasema shairi langu ni la ukoo huo.

Na hakuokota mfano tu. Oktoba 1797, mwezi mmoja kabla ya kuanza kuliandika shairi, alimwandikia rafiki yake Thomas Poole barua ya utoto wake. Anasema alisoma hadithi za Alfu Lela Ulela akiwa mdogo wa miaka kama sita, zikamtisha mpaka gizani anaona mizimu. Lakini hakuziacha. Alikua anakiangalia kile kitabu kimelala dirishani, anaogopa na anatamani, anasubiri jua likiangukie, likishakiangukia anakinyakua anaenda kukaa ukutani anaota jua huku anasoma. Baba yake alipogundua akavichoma hivyo vitabu.

Huyo mtoto dirishani mimi simuachi nikisoma shairi hili. Anasubiri jua kwanza ndo aguse kitu kinachomtisha.

Ustaadh Kalamu

Mwanakijito unazunguka mbuyu. Hii ni dini tu. Ndege kavikwa mahali pa msalaba, umetaja mwenyewe. Mtu hawezi kusali, moyo mkavu kama vumbi, siku akiwabariki viumbe anaweza kusali na mzigo unamdondoka. Anaenda kwa mtawa kuungama. Hiyo ni dhambi, toba na kafara, hata mtoto wa madrasa au wa kipaimara anaona. Nyie mkisoma sana mnataka kila kitu kiwe fumbo.

Mwanakijito

Ustaadh huo msomo ni wa heshima na una wenyewe. Robert Penn Warren aliandika insha ndefu mwaka 1946 akisema hivyo hivyo, uhai wote ni mmoja na ni mtakatifu, aliyemuua ndege kauvunja ule umoja, akibariki anaunganishwa tena. Kwa miaka mingi ndo ulikua msomo wenye nguvu. Baadae Edward Bostetter, mwaka 1962, akasema jamani hebu tuangalie ulimwengu wenyewe wa shairi, watu mia mbili kwa dado, huu sio ulimwengu wa Mungu wa haki, ni jinamizi la mtu anayeogopa kwamba huko juu hakuna utaratibu.

Mimi niko karibu na Bostetter ila sio kwa asilimia zote. Ninachoona ni kwamba ndani ya hili shairi kuna mahakama tatu na hazijuani. Kuna roho la ncha ya kusini, linakaa chini ya maji pima tisa, linataka kisasi kwa sababu lilimpenda yule ndege, na ndege alimpenda mtu aliyemuua. Hilo sio la Kikristo hata kidogo. Kuna wale wa dado. Na kuna Mungu, Bikira Maria anayemteremshia usingizi, mtawa msituni. Kila moja inamhukumu kivyake, na hakuna inayosema sasa basi, imetosha. Kuna sauti hewani inasema kabisa, mtu huyu ametubu na atazidi kutubu.

Na toba yenyewe kwa mtawa, soma vizuri. Anamwomba amuungamishe, mtawa anafanya ishara ya msalaba anauliza, "wewe ni mtu wa aina gani?" Hapo hapo baharia anabanwa na maumivu mpaka asimulie. Hatuambiwi kwamba mtawa alisema umesamehewa. Tunaambiwa tu maumivu yalimuachia. Na tangu siku hiyo, saa asiyoijua, yanarudi, inabidi atafute mtu mwingine amsimulie upya. Anapita nchi hadi nchi kama usiku, na akimuona tu mtu usoni anajua huyu ndo wa kunisikiliza.

bintimzizima ndo maana namuunga mkono, kasamehewa wapi.

Sokwe Mstaarabu

Kuna mtu aseme ukweli, jamaa alikua anatumia kasumba (afyuni). Shairi la mlevi hilo. Uzi ufungwe.

Mwanakijito

Sokwe, kasumba ilimtesa kweli, mpaka mwaka 1816 akahamia kwa daktari Gillman amsimamie na akakaa huko mpaka anakufa 1834. Lakini shairi lilianza 1797, kabla hajazama hivyo. Ukitaka la mateso ya usiku soma lile la "The Pains of Sleep" la 1803. Anaamka anapiga kelele usiku wa tatu mfululizo na anasema ndotoni alishindwa kujua kama yeye ndo aliyetendewa au ndo aliyetenda. Hatia kamili, aibu kamili, kosa halipo. Ni yule yule wa kokwa ya tende ila saa hizi kalala kitandani kwake.

Mpiga Kafi

Naomba niingie hapa, nimekulia ziwani na ninasoma hawa watu kwa kujifurahisha. Mwanakijito umemsahau Wordsworth na mtumbwi wa wizi. Kwenye lile shairi lake refu la maisha yake, The Prelude, kitabu cha kwanza, anasimulia akiwa mtoto jioni ya kiangazi alikuta boti imefungwa kwenye mti kando ya ziwa, akaifungua akaingia ziwani kwenye mwanga wa mwezi. Anasema kabisa ulikua wizi na raha iliyochanganyika na wasiwasi. Akachagua kilele cha ukingo wa mawe akakikazia macho ili boti iende mstari mnyoofu. Akapiga makasia kwa mbwembwe. Mara nyuma ya ule ukingo kikainuka kilima kingine kikubwa, cheusi, kama chenye nia yake, na kila akipiga kasia kinazidi kurefuka, kinamfuata kwa hatua kama kitu hai. Akageuza mikono inatetemeka, akairudisha boti chini ya mti, akaenda nyumbani, na siku nyingi hakuona kichwani miti wala mashamba ya kijani, aliona maumbo makubwa yasiyoishi kama watu wanavyoishi.

Sasa sisi wa kafi tunakaa tunatazama mbele, tunakoenda. Mtu wa makasia anakaa kinyume, anatazama alikotoka. Hili watu wa darasani hawalioni kabisa! Unapoondoka ufukweni kinyumenyume, ukingo wa karibu unakua umekificha kilima cha mbali kilicho kirefu zaidi. Unavyosogea mbali, kile cha nyuma kinachomoza juu ya cha mbele. Kadiri unavyokimbia ndivyo kinavyopanda. Hiyo ni jiometri tu, nimewahi kujaribu na ngalawa ya mtu (kwa ruhusa!) na visiwa vya mawe, inatokea vile vile na inakutia ubaridi hata ukiwa unajua sababu.

Kwahiyo swali langu, mlima ulimhukumu au alijihukumu?

bintimzizima

Aiseee. Mpiga Kafi hiyo ya kukaa kinyume nimesoma hili shairi mara tatu sikuiona.

Mwanakijito

Mpiga Kafi umeniharibia uzi kwa uzuri. Nilikua nimepanga kumleta Wordsworth kwa sababu nyingine, sasa umenilazimisha.

Ona ulichosema: anayekimbia ndiye anayeufanya mlima uinuke. Asingepiga makasia usingetokea. Na angeacha kuangalia nyuma asingeuona, ila chombo chenyewe hakimruhusu kuangalia pengine. Sijui fundi gani angebuni picha bora ya dhamiri. Na Wordsworth haelezi! Hatuambii "kumbe ilikua jiometri" na hatuambii "Mungu aliutuma mlima". Anasema "kama". Kama chenye nia. Kama kitu hai. Anaacha hapo hapo.

Aliandika kipande hicho akiwa Goslar, Ujerumani, baridi kali ya 1798 kuelekea 1799, na hakikutoka kwenye kitabu chenyewe mpaka 1850 alipokwisha kufa.

Tofauti yao ninavyoiona ni hii. Wordsworth asili inamlea. Anasema alilelewa kwa uzuri na kwa hofu, vyote viwili, kama mzazi mwenye kiboko na maziwa. Mtoto kaiba, kaogopeshwa, karudisha, kakua. Hata wizi wake una kipimo, boti imerudi mahali pake, mwenyewe labda hakujua. Kwa Coleridge hakuna kurudisha. Ndege harudishwi. Na asili inayomzunguka baharia hailei mtu, haina hata haja naye. Wordsworth mwenyewe alikua hajisikii vizuri na shairi la mwenzie, toleo la pili la kitabu chao cha pamoja, Lyrical Ballads, mwaka 1800 alilitoa mwanzoni akalipeleka karibu na mwisho wa juzuu ya kwanza, na akaandika maelezo akitaja kasoro zake, mojawapo kwamba mhusika mkuu HATENDI ila anatendwa tu. Rafiki yako wa kutembea naye vilimani anakuandikia hivyo ndani ya kitabu chenu wenyewe, we acha tu.

Lakini kasoro hiyo kwangu ndo uti wa mgongo. Baharia katenda mara moja tu maishani, tena hajui kwanini, mengine yote ametendwa.

Jicho la Nne

Mbona hamgusi utumwa? Meli ya Waingereza, miaka ya 1790, wanaenda bahari za mbali, wanapokelewa vizuri na kiumbe asiye na hatia, wanamuua, halafu meli inageuka jeneza. Bristol hapo jirani ilikua bandari ya biashara ya watumwa. Hamuoni?

Kiroboto wa Pili

Hapo sasa tunaanza kuona vitu ambavyo havipo.

Mwanakijito

Kiroboto usimkatie kauli, wapo wasomi waliokwenda njia hiyo tangu miaka ya 60 na 70 na hawakubahatisha. Coleridge akiwa chuo Cambridge mwaka 1792 alishinda medali kwa shairi la Kigiriki la kupinga biashara ya watumwa. Juni 1795 alisimama Bristol yenyewe, mbele ya watu ambao wengine pesa zao zilitoka huko, akatoa mhadhara wa kuipinga.

Na kilichonishika ni hoja yake. Hakuishia kwa wenye meli. Aligeukia watu wa kawaida waliokaa mezani, akawaambia sukari mnayotia kwenye chai na ramu mnayokunywa ndo vinaiendesha biashara hii, na nyie mnaomba Mungu abariki chakula kilichotiwa utamu na damu ya ndugu yenu. Yaani unaweza usiguse mnyororo wala kuiona Afrika maisha yako yote, ukawa mhusika kwa kijiko.

Sasa rudi melini. Wale mia mbili hawakumpiga ndege. Walisema tu "umefanya vizuri". Alipolichapa upya shairi mwaka 1817 Coleridge aliongeza maelezo pembeni mwa beti, na hapo anaandika wazi kwamba kwa kuhalalisha kitendo hicho mabaharia wamejifanya washirika wa kosa. Ni ile ile hoja ya sukari.

Jicho la Nne sisemi ndege ni mtumwa. Ukimgeuza ndege kuwa kitu kimoja umemuua mara ya pili. Ila namna hatia inavyosambaa, bila mkono kugusa kitu, nadhani aliijua tangu ule mhadhara.

Kuhusu hayo maelezo ya pembeni mniruhusu kucheka kidogo. Yanaongea kama moderator wa jukwaa. Beti zinasema baharia kampiga ndege, pembeni moderator anaandika "baharia anamuua bila ukarimu ndege mwema wa bahati njema". Nani kamuuliza? Wengine wanadhani Coleridge kamuweka makusudi, mzee wa vitabu anayetaka kila kitu kieleweke na kila kosa lipate mstari wake. Mimi naamini hivyo. Kwahiyo mle ndani mtu wa kwanza kutafuta funzo kwa nguvu ni huyo wa pembeni, wa pili ni baharia mwenyewe, na wote wawili wanashindwa.

Ustaadh Kalamu

Sawa, nimekusikia kwa mtawa, nikirudi kusoma nitaangalia. Ila nyoka wa maji? Aliwabariki, mzigo ukadondoka. Hapo utanikwepaje?

Mwanakijito

Sikukwepi, hapo ndo pazuri kuliko pote.

Kabla ya hapo anawaangalia viumbe wa baharini anaona uchafu, vitu vya utelezi vinatambaa kwenye bahari ya utelezi, anasema wanaume wazuri wamekufa na maelfu ya vitu vya utelezi vinaishi, na mimi ninaishi. Kajiweka kundi moja nao, la takataka.

Halafu mwezi unapanda. Nje ya kivuli cha meli nyoka wanapita kwenye njia nyeupe na wakiinuka mwanga unawadondoka kama vipande vya barafu. Ndani ya kivuli, ambako maji yanawaka wekundu wa kutisha, anaona rangi zao, buluu, kijani cha kung'aa, weusi wa mahameli, na kila wanapopita wanaacha mmweko wa dhahabu. Ni wadudu wale wale! Hawajaoga, hawajabadilika. Na ona wanapendezea wapi zaidi, ndani ya kivuli cha meli ile ile yenye maiti.

Akawabariki. Na anasema mara mbili kwenye ubeti mmoja kwamba aliwabariki BILA KUJUA. Hakukusudia. Hakuamua kutubu, Ustaadh, ilimtoka tu. Kama mshale ulivyomtoka tu. Kosa halina kwanini na baraka haina kwanini. Ndege akadondoka shingoni akazama kama kipande cha madini ya risasi.

Sasa uje na kanuni ya maadili hapo. Ukimwambia mtoto "usiue bila sababu" atakuelewa. Utamwambia nini, "bariki bila sababu"? Haifundishiki. Bibi yangu baada ya lile swali hakunichapa, alinipa jembe nimfukie tetere chini ya mpapai, nikachimba shimo kubwa kupita kiasi, na wakati nachimba nikaona shingoni ana ile nusu duara nyeusi na kifua cha waridi, siku zote tetere kwangu ni kijivu. Ndo kwanza nilikua namuona.

Mpiga Kafi

Kwahiyo hitimisho la mwisho la baharia, kwamba tupende vyote, ni uongo?

Mwanakijito

Sio uongo. Ni maneno ya kweli mdomoni mwa mtu ambaye hayajamponya. Angekua amepona asingekua anavizia watu milangoni kwenye harusi. Kijana wa rubani wa boti iliyokuja kumuokoa alirukwa na akili kwa kumuona tu anashika makasia, halafu huyo huyo anakwambia raha yake ni kwenda kanisani na watu wema!

Kipimo changu ni yule mwalikwa. Kama funzo ni tamu hivyo, mtu akilisikia angeingia ndani kwa furaha akacheza. Hakuingia. Aligeuka mlangoni kwa bwana harusi akaondoka kama mtu aliyepigwa na butwaa, kesho yake akaamka mwenye huzuni zaidi na hekima zaidi. Huzuni imetajwa kwanza.

Sokwe Mstaarabu

Ila nimecheka, halafu kuna watu walilinunua hili wakidhani ni la kuimba?

Mwanakijito

Hahaha kweli, Coleridge alisimulia kwamba mchapishaji alimwambia nakala nyingi za kile kitabu zilinunuliwa na mabaharia, walisikia kuna Baharia Mzee ndani wakajua ni kitabu cha nyimbo za baharini. Na yeye wakati analiandika alikua hajawahi kusafiri bahari kuu, safari yake ya kwanza kwenda Ujerumani ilikua Septemba 1798, mwaka ule ule kitabu kinatoka. Fikiria baharia kapanda meli na kitabu chake cha nyimbo, anafungua ukurasa wa kwanza.

Kiroboto wa Pili

Nimeshindwa hoja nakubali. Ila swali moja la mwisho, yule mwalikwa, ndugu wa damu wa bwana harusi, hakuingia kabisa? Hata kuonekana kwenye picha? Mimi shemeji yangu nilichelewa nusu saa tu ukumbini mpaka leo natajwa kwenye vikao.

Mwanakijito

Hakuingia. Na shairi halisemi ndugu zake walimwambia nini.